Dhahabu, nyeusi au chuma kitupu? Breki za Camaro ya 1969 zilivyotoka kiwandani

Msomaji wa Maskati, ambaye wazee wake walitoka Unguja, ameandika:

"Fundi, assalaam alaykum. Nina Camaro ya 1969 niliyoinunua Marekani nikaileta kwa meli. Namba yake inaanza 124379N. Mbele ina breki za diski, nyuma dramu, na ina busta. Mwenyewe wa zamani alipaka kalipa na dramu rangi nyekundu, masta silinda nyeusi ya kung'aa, busta akaipuliza rangi ya fedha. Nataka virudi vilivyokuwa kiwandani. Fundi mmoja hapa anasema vyote vilikuwa dhahabu, mwingine anasema vyote vilikuwa vyeusi. Nani mkweli? Na ile nembo ya DISC BRAKE kwenye pedali ni ya asili au ya dukani? Gari nataka kuliendesha, silifungii ndani."

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mafundi wako wote wawili wameona kitu cha kweli, kisha kila mmoja akakitandaza gari zima. Dhahabu ipo, nyeusi ipo, ila sehemu kubwa ya breki zako ilitoka kiwandani haina rangi yoyote. Ilikuwa chuma cha kusubu kitupu, cha kijivu, ambacho kilianza kushika kutu kabla mnunuzi wa kwanza hajakabidhiwa funguo. Nyekundu haikuwepo popote. Hiyo tumeizoea kutokana na magari ya michezo ya miaka ya karibuni, ambayo kalipa zake, zile koleo zinazobana diski, hupakwa makusudi ili zionekane kwenye uwazi wa rimu.

Tuanze na namba uliyoniandikia, maana ina kitu cha kutufaa. Ile 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, yaani injini ya silinda nane, 37 ni kupe ya milango miwili, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio, ubavuni mwa jiji la Cincinnati. Ingekuwa L, gari lingetoka Van Nuys, Los Angeles. Norwood waliunganisha gari, lakini breki hawakuzitengeneza. Busta (inayoongeza nguvu ya mguu kwenye pedali), masta silinda (inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni) na kalipa zilikuwa kazi ya Delco Moraine, tawi la General Motors lililokuwa Dayton, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka hapo. Kila kipande kilifika Norwood kikiwa tayari na kinga yake, na aliyeamua kinga hiyo hakuwa akiwaza maonyesho ya magari. Alikuwa akiuliza kama kipande kitavumilia stoo na safari bila kuharibika. Bati jembamba la busta likitoboka kwa kutu, busta imekufa, kwa hiyo likachovywa. Kalipa ina unene wa chuma wa kutosha, na kutu ya juu juu haiipunguzii nguvu, ikaachwa ilivyo. Mwaka ule zilitengenezwa Camaro 243,085. Ukipaka rangi kitu kisichoihitaji, hata kwa senti chache, zidisha mwenyewe.

Sasa busta, ambayo mafundi wengi nyumbani huiita haidrovaki. Hapa fundi wako wa dhahabu yuko sahihi. Lakini hiyo dhahabu haikuwa rangi ya kupakwa. Bati lilichovywa kwa umeme madini ya zinki au kadimiamu, kisha likatumbukizwa kwenye dawa ya kromati. Dawa ile huacha utando mwembamba mno, na mwanga ukipita ndani yake hutoka njano yenye vivuli vya waridi na kijani. Mtazame njiwa anapogeuza shingo juani, ndiyo rangi yenyewe. Ukiizungusha busta mkononi rangi zinahama. Upande mmoja njano inakolea, upande wa pili inafifia, na kwenye mikunjo ya bati kuna madoa ya zambarau. Busta mbili zilizotoka beseni moja siku moja hazikufanana kabisa. Kwa hiyo ukiletewa busta yenye njano sawasawa kuanzia ukingo hadi ukingo, hiyo ni ya kopo, na ukikaa nayo karibu inafanana na kombe la mashindano ya shule.

Fedha aliyoipuliza yule bwana huenda imeficha dhahabu ambayo bado ipo. Usiipige msasa. Chukua pamba na dawa laini ya kuondolea rangi, jaribu sehemu ndogo pale busta inapokutana na masta silinda, au chini ya bracketi, mahali ambapo jua na mafuta ya breki havikufika kwa miaka zaidi ya 50. Mimi nimewahi kukuta chini ya rangi tatu dhahabu iliyobaki kama robo ya uso wa busta. Mwenye gari aliamua kuiacha vilevile, na nilimuunga mkono.

Ikiwa imekwisha kabisa, itabidi ichovywe upya, na hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni usalama. Ndani ya busta kuna springi kubwa iliyobanwa na kiwambo cha mpira. Haifunguliwi kwa bisibisi na nyundo. Inahitaji chombo cha kuizungusha huku imebanwa, vinginevyo springi inakurukia usoni. Na haiwezi kuchovywa ikiwa nzima, maana tindikali itaingia ndani. Mpe mtu ambaye kazi yake ni kufufua busta, afungue, achovye ganda peke yake, aweke kiwambo kipya. Wanaokushauri rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, karibu nyuzi 200, waulize kwanza ule mpira watauweka wapi.

La pili ni rangi yenyewe. Ile njano ya zamani ilitokana na kromiamu ya aina yenye sumu kali, ambayo viwanda vingi vimeacha kuitumia. Ulaya waliibana pamoja na kadimiamu na risasi kwenye magari kuanzia Julai 2003. Dawa mbadala ni salama zaidi, lakini nyingi hutoa njano ya kutiwa rangi, iliyopauka, isiyo na ule upinde wa mvua. Kabla hujakabidhi kitu, omba uone kipande walichokichovya wiki ile, ukitoe nje juani. Taa ya ndani ya duka itakudanganya.

Nikuambie kosa langu, usilirudie. Miaka yangu ya mwanzo hapa Ohio nililetewa busta yenye kutu, nikaipeleka kwenye kabati la kupuliza mchanga. Ilitoka safi kama sahani. Baadaye mwenye gari akaniuliza: "Na zile namba?" Kwenye bati la busta za Delco Moraine kulikuwa na namba zilizogongwa kwa kina kidogo sana, zikiwemo za siku ya mwaka ilipotengenezwa. Nilikuwa nimezifuta. Namba hizo ndizo zinazoonyesha kwamba busta ilitengenezwa wiki chache kabla ya gari, kwa hiyo huenda ilizaliwa nalo. Hakuna aliyenikaripia, na hilo liliniuma zaidi.

Masta silinda haikuwa nyeusi. Ni chuma cha kusubu kitupu, uso wake una chembechembe za mchanga wa kalibu, na pale mashine ilipopita, yaani mbele na juu panapokaa kifuniko, chuma kinang'aa zaidi. Safisha uso wa mbele polepole, kwa sababu mara nyingi pana herufi mbili kubwa zilizogongwa, alama ya kiwanda ya kutofautisha masta moja na nyingine. Wauzaji wa vipuri vya kuiga wanajua thamani ya herufi hizo na wanazigonga pia, kwa hiyo zisikulevye. Kifuniko ni bati lililochovywa, nacho kina njano ileile ya busta, na waya unaokibana umechovywa zinki.

Hiyo nyeusi inayong'aa, kama alipaka rangi ya kawaida, nadhani imeanza kubanduka chini ya kifuniko. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi kama dawa ya kuibandua, na hakuna masta silinda isiyotoa jasho kidogo kwenye kifuniko. Kuna wanaoweka mafuta ya silikoni, DOT 5, kwa sababu hayali rangi. Kwa gari la kukaa ukumbini sina ugomvi nayo. Kwa gari linaloendeshwa siipendi. Hayachanganyiki na yale mengine, pedali huwa laini kidogo, na unyevu ukiingia hauyeyuki ndani yake. Unakaa chini kama tone, mahali ambapo kutu na mchemko vinausubiri. Kwa joto la kwenu ningeweka DOT 4, ambayo ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 kwenda juu, dhidi ya 205 za DOT 3, na ningeibadilisha kila baada ya miaka miwili.

Kalipa, diski na dramu nazo ni chuma kitupu. Kijivu chake si cha fedha wala cha makaa. Mfano wa karibu ninaoupata ni jiwe la kunolea lililokauka: kizito, hakirudishi mwanga, lakini kina uhai kidogo ukikiinamisha. Kwenye kalipa yako, sehemu zilizopita kwenye mashine zinaonekana nyepesi kuliko mwili. Hesabu pistoni. Camaro za 1967 na 1968 zenye diski zilikuwa na kalipa ya pistoni nne; mwaka wako walihamia kalipa moja inayoteleza yenye pistoni moja kubwa. Ukikuta nne mbele na nyuma pia kuna diski, nipigie simu kabla hujamwambia mtu mwingine. Mwaka 1969 kulikuwa na chaguo lililoitwa JL8, diski magurudumu yote manne zenye asili ya Corvette, gari la michezo la Chevrolet, na hesabu inayotajwa siku zote ni magari 206 tu. Lako lina dramu nyuma, kwa hiyo tulale.

Nyeusi ya fundi wako wa pili iko hapa: yale mabamba ya bati yanayoshika viatu vya breki nyuma ya dramu. Kwenye Camaro nilizofungua nimeyakuta meusi, ya mng'ao wa kati. Fremu ndogo ya mbele nayo ni nyeusi ya aina hiyo, na pedali vilevile. Yeyote anayechungulia chini ya gari anaona weusi mwingi, akadhani kila kitu kilipulizwa kwa pamoja. La hasha. Fremu ilikuwa imeshapakwa kabla paipu na mipira ya breki haijafungwa juu yake. Ukikuta paipu ya breki nyeusi sambamba na fremu, mtu amepita na bunduki ya rangi baadaye.

Ndani ya dramu kuna dunia ndogo yenye rangi zaidi kuliko nje. Springi za kurudisha viatu zilipakwa rangi ili fundi wa mstari wa kuunganisha asizichanganye, kwa kuwa nguvu zao hazilingani. Skrubu ya kurekebishia na vishikizo vyake vilichovywa. Silinda ndogo ya gurudumu ni chuma kitupu kama kaka yake masta.

Hapo kwenye springi naomba unisikilize vizuri. Mteja mmoja alitaka kila kijipande kichovywe kama kipya, tukapeleka sanduku zima kwenye duka la uchovyaji ambalo sitalitaja. Springi zilirudi zinapendeza. Tukazifunga jioni, dramu bado haijarudishwa. Asubuhi nilipowasha taa nilikuta mbili zimekatika katikati, kipande kimoja kiko sakafuni karibu na mlango. Hakuna aliyezigusa usiku. Wakati wa kuoshwa kwa tindikali na kuchovywa kwa umeme, haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kioo, na huweza kusubiri saa nyingi chini ya mvuto kabla ya kupasuka. Dawa yake inajulikana: kipande kigumu kikitoka beseni kinapaswa kuingia tanurini ndani ya saa chache, karibu nyuzi 190, kikae humo saa kadhaa. Lile duka halikufanya hivyo, nami sikuuliza. Tangu siku hiyo springi za breki sizichovyi kabisa. Nanunua mpya, nazipaka rangi nyembamba inayolingana na za zamani, basi. Bolti zinazobeba kalipa ni hivyohivyo. Zilitoka na fosfeti, kijivu cheusi kisichong'aa, kinachoshika mafuta kwenye chembe zake. Zirudishie fosfeti na mafuta, usizipe zinki ya kung'aa kwa sababu zinapendeza kwenye picha.

Paipu za chuma ni mahali ambapo watu wengi hukosea wakiwa na nia njema. Za asili zilikuwa za bati la chuma lililozungushwa mara mbili na kuunganishwa kwa shaba ndani ya tanuri, kisha nje likapewa mchanganyiko wa risasi na bati. Zinaonekana fedha iliyochoka, kijivu laini. Sehemu zinazopigwa na mawe zimezungushiwa waya kama springi ndefu, na waya huo unapaswa kuwepo, mahali palepale. Siku hizi wengi hufunga paipu za chuma kisichoshika kutu. Zinadumu, sikatai, ila zinang'aa kama vijiko vya harusi, na ni ngumu, kwa hiyo ncha zake huziba kwa shida zaidi. Nimekaza nati hizo mara tatu mpaka ziache kuvuja. Kwa mwambao wa Maskati, wenye chumvi hewani, ningekuelewa ukizichagua. Lakini ukitaka uasili, nunua za chuma cha kawaida zilizopindwa tayari, uzifute nta.

Paipu zinakutana kwenye kijikasha cha shaba njano. Kilitoka kikiwa shaba tupu, na baada ya miezi kikawa kahawia. Najua kwenu kuna masanduku ya Unguja yenye njumu za shaba ambazo bibi alizisugua kwa ndimu na majivu kila sikukuu. Hapa weka ndimu pembeni. Kioshe kwa sabuni, kikaushe, kiache. Angalia pia kama gari lina vali tofauti inayochelewesha kidogo breki za mbele, kwa sababu gari la diski la mwaka wako lilikuwa nayo. Vifurushi vingi vya dukani huleta vali moja inayofanya kazi zote, mtindo wa miaka ya 70, na watu huifunga wakadhani wamerudisha asili.

Mipira ya breki ni nyeusi, ncha zake zimechovywa zinki, na mingi ina mstari au maandishi marefu ubavuni. Mstari huo una kazi. Ukikaza mpira ukauona mstari unazunguka kama mkia wa nguruwe, umeusokota. Fungua uanze tena. Mpira wa asili wa 1969, hata ukiwa unang'aa, usiendeshe nao. Uweke kwenye boksi, uuonyeshe wageni, barabarani tumia mpya.

Kabla hujaosha chochote, tenga siku nzima kwa ajili ya kamera. Piga picha kila kipande kikiwa mahali pake, kwa mwanga wa jua, kisha kifungue na upige picha ya sehemu iliyokuwa imefichwa: chini ya washa, chini ya klipu ya paipu, ndani ya kona ya bracketi. Kinga ya asili hufia hadharani na kubaki mafichoni. Utaona pia madoa ya rangi, ya njano, ya buluu au meupe, na maandishi ya penseli ya mafuta. Hizo ni alama za wakaguzi wa mstari. Ukizikuta kwenye gari lako, zipige picha na kipimo kando yake, utazirudisha. Usipozikuta, usiige za gari la mwingine. Majaji wanaokagua kwa makini, kama wale wa maonyesho ya Novemba kule Rosemont karibu na Chicago, wamechoka kuona doa la buluu lilelile kwenye kila gari.

Ukisafisha, kuwa na hofu mbili. Vumbi la ndani ya dramu lichukulie kuwa lina asbesto, kwa kuwa viatu vya breki vya enzi hizo vilikuwa nayo na hujui vyako vilibadilishwa lini. Usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe, lifute, tambara liingie mfukoni mwa plastiki. Na chochote chenye mchovyo wa zamani usikisage kwa grainda wala kukipasha moto, maana kadimiamu ikigeuka moshi au unga ni sumu ya mapafu na figo.

Ile nyekundu kwenye kalipa na dramu iondoe kwa dawa, halafu kutu iliyobaki iondoe taratibu. Mimi natumia molasi, sehemu moja kwa tisa za maji, kipande kinalala humo wiki moja hadi mbili. Inanuka, majirani watalalamika, lakini inakula kutu na kuacha chuma. Usiweke humo kitu cha alumini. Masta silinda, kalipa na silinda ndogo usizipulizie mchanga hata kidogo: punje moja ikibaki kwenye tundu itakata mpira wa pistoni wakati unauhitaji sana.

Swali gumu ni nini kifuate, kwa sababu chuma kitupu Maskati hakimalizi wiki. Hapa nitakupa maoni yangu, wengine watakataa. Kwa gari linaloendeshwa, paka kalipa na upande wa nje wa dramu rangi inayovumilia joto yenye kijivu cha chuma cha kusubu, bila mng'ao, nyembamba kiasi kwamba chembe za mchanga bado unazihisi kwa kidole. Jaji atajua, atakata pointi chache, na wewe utapata usingizi. Masta silinda iache chuma, uifute kwa nta kila mwezi; iko juu, inafikika, kazi ni ya dakika tano. Diski usiziguse isipokuwa kingo za nje.

Rangi isifike kwenye nyuso zinazokutana. Mahali diski inapokalia habu, mahali dramu inapokutana na rimu, mahali kalipa inapoteleza na mahali pedi zinaposogea, pawe chuma kwa chuma. Tabaka nene kati ya habu na diski litaifanya diski iyumbe na pedali itetemeke. Tabaka chini ya rimu litasagika, na nati ulizozikaza jana zitakuwa zimelegea. Nimeona gari zuri sana likipoteza nati mbili kwa sababu hiyo.

Kama una rafiki mwenye Mustang au Dodge, usimpe karatasi hii aifuate neno kwa neno. Chuma kitupu kwa kalipa na masta silinda kitamfaa kwa kiasi kikubwa, lakini wasambazaji walikuwa wengine. Mustang za 1965 hadi 1967 zenye diski zilikuwa na kalipa za Kelsey-Hayes za pistoni nne, na kuanzia 1968 pistoni moja. Chrysler walinunua kwa Bendix, Kelsey-Hayes na Budd kutegemea ukubwa wa gari. Kwao rangi ya busta inafuata aliyeitengeneza, kwa hiyo wasome jina lililogongwa kabla hawajanunua kopo.

Nembo ya pedali, mwisho. Camaro zenye diski zilikuwa na mpira wa pedali wenye kidude cha chuma cha mviringo katikati kilichoandikwa DISC BRAKE. Kwa hiyo yako huenda ni ya asili. Lakini vya kuiga vimejaa madukani, vya bei ndogo, na mtu aliyefunga diski mwaka juzi hukimbilia kukinunua kabla hata hajatoa upepo kwenye paipu. Namba ya gari haitakusaidia, maana haisemi lolote kuhusu breki. Angalia uchakavu: mpira wa asili umelika upande wa kulia, pale kiatu kinapofika kikitoka kwenye mafuta, na maandishi ya nembo yamelainika upande huohuo. Kama mpira umelika na nembo bado ina kingo kali za kukata kidole, imeongezwa. Nipigie picha ya pedali kwa karibu, na ya uso wa mbele wa masta silinda kabla hujauosha, kisha tutaendelea na hizo herufi mbili.